Gilasi Juu ya Mchanga

Asubuhi ile baba alianguka tena bafuni. Nilimkuta ameegemea ndoo, mguu wa kulia umekunjika chini yake kama si wake. Nilipomwinua, neno lake la kwanza lilikuwa, "Leo tukunje hiyo paipu, maitu." Kwa Kikuyu, maitu maana yake ni 'mama yangu'. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Kabla ya kiharusi alikuwa amechomelea vitanda vya bweni kwa miaka mingi katika karakana yetu ya Gitothua, ua mwembamba wa mabati nyuma ya nyumba. Sasa mkono wake wa kulia ulilala mapajani tu. Alitaka kishikio cha bafuni kinachozunguka kona, paipu moja isiyo na kiungo. Paipu ikikunjwa tupu, alinieleza, ubavu wake hubonyea. Unaweza kuipaka rangi, kubonyea kusionekane, lakini siku mtu atakapoiegemea kwa uzito wake wote, itavunjikia hapo hapo. Ndiyo sababu hujazwa mchanga, ukashindiliwa mpaka usiweze kusogea, kisha paipu ikapashwa moto.

Na mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Maji yaliyofungiwa ndani ya chuma cha moto hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta mlango.

Niliukaanga mchanga kwenye karai. Kipimo cha baba kilikuwa gilasi tupu ya chai, iliyo baridi, ikifunikwa juu ya mchanga wa moto. Ikitoa jasho, endelea kukaanga. Mara ya kwanza ilitoa jasho, mara ya pili pia. Mkono uliniuma, wingu la mvua lilikuwa limesimama upande wa Mugutha, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu ila ile ndoo na ule mguu. Nilitaka kishikio kiwe ukutani kabla hajaoga tena. Mara ya tatu niliona ukungu mdogo, kama pumzi ya mtoto mchanga. Nikaupangusa kwa leso.

"Imesemaje?" baba akauliza.

"Iko sawa. Haina kitu."

Jirani yetu, fundi wa sofa, aliyejua kazi yangu ni kuandika, alichungulia juu ya mabati. "Mwandishi, leo kalamu yako ni ndefu."

"Endelea kuchungulia," baba akamwambia, "tukimaliza paipu tunakunja hiyo shingo."

Jirani alicheka, akarudi kwa misumari yake. Nilishindilia mchanga, upande mmoja wa paipu nikakaza kofia ya chuma, upande wa pili nikagongea kizibo cha mti. Nikailaza juu ya makaa, nikawasha feni ya kupulizia moto.

"Nisongezee kiti huku mwisho," baba akasema. "Nataka kuona kama inapinda laini moja."

Huko mwisho kulikuwa mbele ya kizibo. Alikuwa amefukuza watu mahali hapo maisha yake yote, hata wateja.

"Si ulisema hakuna mtu kukaa hapo?"

"Hiyo ni kama hujui nani amekaanga mchanga."

Nikasongeza kiti chake cha plastiki, naye akiwa amekikalia. Mpaka leo mikono yangu inakumbuka plastiki ile na uzito wake juu yake. Paipu ikaanza kuwa nyekundu katikati, wekundu wa kupendeza, na mimi nilikuwa natazama kizibo tu. Mti uligeuka mweusi kuzunguka ukingo. Tone moja la maji likachungulia, likachemka, likatoweka. Kisha nikasikia sauti nyembamba, kama mtu anayefyonza hewa kwa meno.

"Baba, nimekudanganya. Gilasi ilikuwa na jasho."

Hakupaza sauti. Hakuweza hata kuinuka. "Usikimbie," alisema. "Zima feni. Geuza mdomo wa paipu uangalie ukuta."

Niliishika paipu kwa glavu zake, kubwa kwangu, nikaizungusha. Mdomo haukuwa umeelekea vizuri ukutani kizibo kilipotoka. Sikukiona kikienda. Nilisikia mlio, mchanga wa moto ukamwagika miguuni pangu, na kwenye jiwe la ukuta wa nyumba kukabaki alama nyeupe, kimo cha kifua cha mtu aliyeketi.

Misumari ya jirani ilinyamaza. Baba aliitazama alama ile.

"Lete karai," akasema.

Nilimsogeza kando ya karai, na safari hii aliishika gilasi mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Tulikaanga mpaka ikatoka safi, mara moja, kisha tena. Niliijaza paipu upya, nikagongea kizibo kingine, nikairudisha motoni kama mwanzo.

"Sasa nirudishe pale mwisho."

"Baba, tafadhali."

Alinielekeza kwa kidevu. Nikamrudisha. Kizibo kilibaki kikavu, nami nikaikunja paipu kuizunguka rimu ya gari, yeye akiniambia kushoto, kulia, polepole. Ilipopoa nilipitisha kidole gumba upande wa ndani wa mpindo, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Haukuwa umebonyea popote.

Jioni, kishikio kikiwa kimekazwa kwa bolti, baba aliingia bafuni peke yake. Nilisimama nje ya mlango. Nikasikia ndoo ikisogezwa, kisha chuma kikilia kidogo kilipobeba uzito wake.