Uvimbe Uliokataa Kurudi

Katika Molo yote hakukuwa na mtu wa kubeba gunia la viazi kama mimi. Sijisifu, nasema ilivyokuwa, na wenzangu walio hai wanajua. Shule niliionea dirishani tu, lakini miaka ya hamsini haijafika katikati nilikuwa tayari mkubwa wa wapakiaji, na nilikuwa natafuta lori langu mwenyewe.

Mgongo wangu ulikuwa mzima. Shida ilikuwa kwenye kinena, upande wa kulia. Palikuwa na uvimbe kama yai, nikibeba unatoka, nikilala unarudi ndani. Hiyo ndiyo ngiri. Wapakiaji wengi walikuwa nayo, na kila mtu aliifunga kwa kitambaa chini ya suruali akanyamaza, maana ukisema utaambiwa nenda ukachunge mbuzi. Ikichelewa kurudi tulikuwa na dawa yetu. Wenzako wanakushika miguu, wanakuning'iniza kichwa chini nyuma ya lori, wanakutingisha mpaka irudi. Mimi nimewahi kuning'inizwa, nikashuka nikicheka, nikachukua gunia lingine.

Asubuhi moja, ukungu bado umelalia mashamba, nilirusha gunia juu na nikasikia kitu kimenasa ndani. Maumivu yakaja kama mtu anayekamua nguo, anakaza, analegeza kidogo, anakaza tena. Kukaa sikuweza, kusimama sikuweza. Nikazunguka lori, nikachuchumaa kando ya gurudumu, nikainuka, nikazunguka tena.

"Mzee anatafuta nini huko chini?" mmoja akauliza.

"Analipima lori," mwingine akamjibu. "Ameshalinunua usingizini."

Walicheka mpaka nilipotapika. Hapo wakanishika miguu. Wakanining'iniza, wakanitingisha, na uvimbe ukabaki pale pale, mgumu kama jiwe, ngozi yake imeanza kuwa nyekundu. Mmoja akakunja ngumi, akasema ataurudisha kwa nguvu.

Mke wangu alikuwa akiwauzia wapakiaji uji hapo karibu. Alikuja na upawa mkononi.

"Iguse hiyo, uone kama sitakumwagia sufuria nzima! Mshusheni! Mnatingisha mtu kama chupa ya dawa?" Kisha akanigeukia. "Baba watoto, tunaenda hospitali Nakuru."

"Lori halijajaa," nikasema. "Nipe mafuta ya mbarika nifungue tumbo, yataisha."

"Hayo mafuta yapite wapi, na mlango umefungwa?"

Akamwamuru dereva awashe gari, na dereva akawasha. Mimi nilikuwa nimempigia kelele yule dereva miaka mingi, na hakuwahi kutii upesi hivyo. Njiani nililala juu ya viazi, nikageuka, nikapiga magoti, nikalala tena. Huko Rongai askari wa Hali ya Hatari walitusimamisha wakitaka vipande, vile vitambulisho vyetu. Mmoja alichungulia nyuma, akaona ninatapika maji ya kijani, akatupungia mkono tupite.

Hospitalini tulipokewa na dresa, Mwafrika aliyefunga vidonda na kumtafsiria daktari Mzungu. Swali lake la kwanza lilinikera.

"Mzee, umejamba leo?"

"Unaniuliza hivyo mbele ya mke wangu?"

"Hajajamba," mke wangu akasema. "Wala jana usiku. Ningejua."

Daktari akabonyeza uvimbe kwa vidole viwili, nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Akasema wanipasue sasa hivi.

"Nani atapakia viazi?" nikauliza. "Nitarudi kesho."

Dresa akazungumza polepole, kama anayemweleza mtoto. "Utumbo wako umenasa kwenye tundu. Tundu linaunyonga, damu haipiti. Utumbo ukifa ndani, unaoza, na wewe unaufuata. Hakuna kesho ya kurudi."

Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni. Nje lori lilikuwa linanguruma, dereva ananisubiri. Maumivu yakakaza, nikashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Mke wangu hakusema neno. Yeye ambaye husema siku nzima! Kunyamaza kwake ndiko kulikonirudisha.

"Pasueni," nikasema.

Dresa alinieleza baadaye kwamba utumbo ulitoka mweusi kama ini. Waliufunika kwa vitambaa vya maji moto, wakangoja, ukaanza kurudisha rangi, wakaurudisha mahali pake. Ningefika jioni wangekata kipande, au wangenifunika shuka.

Kulala kitandani kulinishinda kuliko kisu. Kila lori lililopita barabarani nilitaka kuinuka. Mke wangu alipokuja kuniona nikamuuliza nani anasimamia upakiaji.

"Mimi."

"Wanakusikia?"

"Kuliko wewe. Na nimekuja na wapakiaji wawili. Wako nje, wanaona haya kuingia."

"Ngiri zao zimekataa kurudi?"

"Bado zinarudi."

"Basi waambie huu ndio wakati wenyewe," nikasema. "Wasingoje zikatae."

Akatoka. Nikamsikia huko kwenye baraza akiwafokea, kisha sauti ya dresa ikiwaambia wafungue mikanda.