Kijani Kilichomtia Hofu Mfugaji wa Kaikor

Jua la Lodwar halijachomoza Jumanne hii, na Ekidor Aukot ameshapiga magoti sakafuni, uso wake karibu na kioo hadi pumzi zake zinaacha ukungu. Anahesabu samaki. Mmoja. Wawili. Watatu. Anamtafuta wa nne nyuma ya jiwe, anamkosa, anazungukia upande wa pili wa tangi mkono ukiwa kifuani.

"Huyu hapa," anasema hatimaye, na kujibwaga chini. "Amejificha kwa hizi nyuzi. Kila asubuhi ananifanyia hivi."

Nyuzi anazozisema ni mwani. Umeota juu ya mawe, umepanda kioo, umeziba mdomo wa bomba la kuchujia maji. Tangi la maji ya chumvi lililoletwa ili wageni wa hoteli washangae rangi za bahari sasa linafanana na lambo lililotelekezwa. Samaki wanne wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, wanahema juu juu ya maji. Walikuwa watano.

Ekidor ana miaka arobaini na mmoja. Ni mhudumu wa hoteli moja mpya mjini Lodwar, na mshahara wake ni shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kufagia ua na kumwagilia maua, mpaka tangi lilipofika miezi miwili iliyopita. Meneja wa hoteli, Nathan, alimwambia kwamba kwa kuwa yeye ni mfugaji, basi awafuge na hao.

Watu walicheka. Ekidor hakucheka. Aliipokea kazi kwa moyo wote, na huo moyo wote ndio uliomponza.

Nyumbani kwao Kaikor, kaskazini mwa Turkana, alikuwa na mbuzi sitini na watatu. Ukame uliwamaliza mmoja mmoja, hakubaki hata wa kuchinjia mgeni. "Zilikuwa zinanifuata zikilia, na mimi sina kitu ya kuzipa," anasema. "Hiyo sauti mpaka leo iko kwa masikio yangu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi aliyelileta tangi kutoka Mombasa alimwonyesha kipimo cha chakula: kiasi cha kushika kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Lakini kila Ekidor alipopita, samaki walikimbilia kioo na kufungua vinywa. Angepitaje tu, mtu aliyeona aliyoyaona? Aliwapa asubuhi, akawapa saa nne, akawapa adhuhuri na alasiri, na kabla ya kwenda nyumbani akawarushia cha kulalia.

Mabaki yakazama, yakaoza, yakawa mbolea. Wiki ya tatu kijani kikatokea kwenye mawe. Sasa jamani, mfugaji wa Turkana akiona kijani afanye nini? Alifurahi. Akamwita Abei, mpishi wa hoteli, aje aone malisho. Akaacha taa ya tangi iwake kutwa ili yastawi.

"Aliniita kama mtu amenyeshewa na mvua," anakumbuka Abei. "Na mimi nikamwambia, Baba Akal, Mungu amekubariki. Kumbe tunapongeza ugonjwa."

Wiki iliyopita, samaki mmoja alikutwa amelala ubavu, amekufa. Nathan hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hoteli itafunguliwa rasmi Jumamosi, na siku hiyo tangi liwe safi na samaki wawe hai, la sivyo atatafutwa mtu mwingine. Maneno machache, lakini tangu hapo Ekidor roho yake i juu juu.

Abei ndiye aliyemtajia Mukendi, mkimbizi wa Kikongo anayetengeneza simu sokoni Kakuma. Zamani, huko Uvira, Mukendi alikuwa akivua samaki wa mapambo katika Ziwa Tanganyika. Ekidor alimfuata jana, Jumatatu, na chupa ya maji yenye mwani mkononi. Ziwa si bahari, lakini Mukendi alitazama chupa mara moja tu.

"Baba, hii mwani haikukuja yenyewe," alimwambia. "Ni wewe njo unaikulisha. Chakula yenye samaki wanaacha, yeye anakula. Na mwangaza unamupa bure."

Kisha akampa dawa yake. Ang'oe kwa mkono mwani unaong'oka. Abadilishe sehemu ya maji kwa maji mapya yaliyopimwa chumvi. Azime taa, alifunike tangi kwa blanketi siku tatu. Na siku hizo tatu, na ya nne baada ya kulifunua, chakula hakuna.

"Nilimuuliza, siku nne? Nikamuuliza tena," anasema Ekidor. "Akaniambia samaki hawawezi kufa na njaa ya siku nne. Yeye anasema hivyo. Mimi najua njaa."

Asubuhi hii hii anafanya alivyoagizwa, kisha anatandaza blanketi juu ya tangi taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Jumatano anasimama kando yake akisikiliza. Alhamisi Abei anampakulia chakula cha mchana naye anakisukuma kando. Atakulaje, anauliza, na wale hawajala?

Ijumaa asubuhi analifunua. Anafumba macho, kisha anatazama. Mwani umefifia, umekuwa kijivu, mapande yake yananyofoka na kuelea. Maji yana ukungu kidogo. Ekidor anahesabu mara mbili, kisha ya tatu, na zote zinatoka nne.

Samaki wamemwona. Wanakuja kwenye kioo wote kwa pamoja, wamekonda, vinywa wazi. Agizo la Mukendi ni kwamba wasubiri hadi kesho asubuhi, na hata hiyo kesho wapewe kiasi cha vidole viwili tu.

Akipita mtihani wa kesho, Ekidor anataka binti yake, Akal, akifunga shule huko Kaikor aje awaone. Amemsimulia kwa simu kwamba wako watano. Bado hajamwambia kwamba mmoja alikufa.

Anamwita Abei. Anamkabidhi kopo la chakula cha samaki alifungie kwenye kabati la jikoni, kisha anaketi kwenye kiti cha mapokezi na kukipa kioo mgongo.

"Ufunguo kaa nao wewe," anamwambia. "Nikikuomba leo, usinipe. Hata ukiona nimelia, Abei, usinipe."