Betri za Magunzi

Absalom Khisa alikuwa fundi wa redio hapa Kitale, na kwa mwaka mzima hakuwa na redio hata moja ya kutengeneza. Najua kwa sababu kibanda chake kinatazamana na meza yangu ya vitunguu, na mtu asiye na kazi huona kila kosa lako. "Mama Tonny, hivyo vimeanza kuoza." "Mama Tonny, huyo umemrudishia chenji mara mbili." Nilikuwa namwambia anyamaze, kisha namhurumia, kisha nakasirika upya.

Aliyemwondolea wateja ni Wanyoike, mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu, ingawa nikisema haki, Absalom ndiye aliyeanza. Jumapili ya Mitende mwaka 2005 alichukua ampli ndogo ya kanisa ya kukuzia sauti, iliyokuwa ikitumia betri, akaiunganisha na adapta ili ipate umeme wa ukutani. Waya mwekundu akauweka kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, kama fundi yeyote angefanya. Lakini aliyeiunda adapta ile, huko alikokuwa, alikuwa amezigeuza rangi. Ampli ikafuka moshi katikati ya zaburi, na watoto wakapiga makofi.

Wanyoike hakupiga makofi. Ni mkulima wa mahindi, mzee wa maneno machache, na neno lake sokoni hulipingi. Alisimama mbele ya waumini akasema, "Huyu mtu asipewe kitu ya mtu afungue." Akaketi. Kufikia Pasaka, hata wasiosali kwetu walikuwa wakipeleka redio zao kwa fundi wa stendi. Absalom hakuhama kanisa. Alikuja kila Jumapili na koti lake la kahawia, akakaa benchi la nyuma kabisa. Siku moja aliniambia kwamba hataki kuombwa radhi wala kulipwa hasara. Alitaka kitu kimoja tu: Wanyoike alitengue lile neno mbele ya watu, vile vile alivyolisema mbele ya watu.

Nilimwambia angoje akiwa ameketi, maana akisimama atachoka.

Sasa, kwaya yetu ilikuwa na kinanda kidogo cha kupiga kwa umeme. Tundu lake la adapta lilivunjika kilipoanguka ngazini, kwa hiyo kilikuwa kikitumia betri sita, zile kubwa za tochi. Kila Jumapili betri mpya, na kila Jumapili, ubeti wa tatu, sauti inazama. Kiptanui, mpigaji wetu, alikuwa akifinya vitufe kwa nguvu kana kwamba kinanda kinahitaji kutishwa. Absalom akamwendea Wanyoike.

"Mwenyekiti, naeza saidia kinanda itumie stima."

"Bisibisi yako isiguse hiyo kinanda."

"Haitagusa. Nitafungua tu pale pa betri, pale hata mtoto hufungua."

Wanyoike alilitafuta kosa katika maneno hayo akalikosa, na kwa kuwa ni mtu anayeshika neno lilivyotamkwa, alinyamaza. Absalom akaona hiyo ni ruhusa.

Nilimtazama akiifanya kazi ile. Alichukua magunzi mawili makavu ya mahindi, yale tunayobaki nayo baada ya kupukuchua, akayakata na kuyachonga kwa kisu hadi kila moja likawa na unene na urefu wa betri. Kichwani mwa kila gunzi akapigilia msumari wenye kichwa bapa, na kwenye msumari akasokota waya mmoja wa adapta ya volti tisa. Akanieleza kwamba betri sita zile zimeshikana mikono kwenye foleni, na ni ya kwanza na ya mwisho tu ambazo huongea na kinanda. Basi akaweka gunzi moja mahali pa ile ya kwanza, na la pili mahali pa ile ya mwisho, katikati akaacha wazi. Gunzi la chanya alilifunga uzi mwekundu. Kinanda kiliimba Jumapili nzima bila kuzama. Wanyoike alisema, "Sawa," na kwa Absalom hilo halikutosha, nami nikakubaliana naye kwa mara ya kwanza.

Agosti mwaka 2006 tukaalikwa Bungoma, kwenye mkutano wa kwaya. Tulikuwa kwaya nne, na ya Malakisi ndiyo iliyotutangulia kuimba. Tulipofika tulifanya kama ilivyo kawaida: wageni hawaingii mikono mitupu, kwa hiyo tulishusha maharagwe, viazi na kabichi, tukavikabidhi jikoni. Na mfuko wa Absalom, wenye magunzi na adapta yake, ukashushwa pamoja na viazi. Wala sitasema nani aliushusha. Mikono yangu ilikuwa imejaa, sikuwa naangalia.

Watu wa Malakisi walipoanza kuimba, Absalom akaja mbio akiuliza mfuko wake. Tukaenda jikoni. Pale tulimkuta Phelista, mama wa makamo mwenye leso kiunoni, anakoroga sufuria ya chai.

"Mumetureta magunzi mazuri, yamekauka sawasawa," akasema, r na l zikibadilishana kinywani mwake. "Nimewashia moto nayo. Lakini mbona mnafunga kuni na waya? Na chaji ya simu ya mtu ilikuwa imenasa huko. Nimeiweka pare juu isichomeke."

Kweli, adapta ilikuwa kwenye rafu, imefutwa vumbi, waya wake umekunjwa vizuri. Magunzi yalikuwa majivu, na uzi mwekundu nao.

Absalom aliinamia majivu. Nilijua anachoona: kanisa la ugenini, moshi, na Wanyoike akisimama. Kisha akamwomba Phelista kisu na magunzi mengine mawili. Phelista, ambaye sasa alikuwa ameelewa na ameshika mdomo, akaichokoa misumari kutoka majivuni kwa kijiti na kuitia maji. Absalom alichonga pale pale, akiwa amepiga magoti, haraka kuliko ninavyomenya kitunguu.

Tatizo lilikuwa waya. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi, moja ikiwa na mstari mweupe, na ule uzi mwekundu, alama yake ya chanya, ulikuwa umeungua. Tulipofika kanisani, Phelista akitufuata, watu wa Malakisi walikuwa ubeti wa mwisho. Wanyoike akatukuta karibu na soketi.

"Unganisha bana, tunaitwa. Si yenye mstari ndio chanya? Kila mtu anajua."

"Ngoja," Absalom akasema.

Sijawahi kusikia mtu akimwambia Wanyoike angoje. Absalom akamgeukia Phelista akamwomba kikombe cha maji na chumvi. Vilipoletwa, Absalom alikoroga chumvi kwa kidole, akachomeka adapta ukutani, akazitia ncha mbili za waya ndani ya maji bila kuziacha zigusane. Mshereheshaji alituita mara ya kwanza. Tuliinamia kikombe sisi wanne kama watu wanaotafuta sindano. Kwenye ncha moja vipovu vikaanza kupanda, vidogo na vingi.

"Hasi ndio hutoa povu nyingi," Absalom akasema.

Povu lilikuwa kwenye waya wenye mstari.

Wanyoike akaelekeza kidole kwenye mstari. "Kwa hivyo vile nilisema mimi..."

"Ingechomeka, mwenyekiti."

Absalom alikuwa amekwisha kusokota nyaya kwenye misumari tulipoitwa mara ya pili. Tuliimba, kinanda hakikuzama, Kiptanui akafinya kwa upole kwa mara ya kwanza maishani. Majaji walituweka wa tatu kati ya kwaya nne, na nasema bila aibu kwamba wa pili walipendelewa.

Wakati wa chakula Phelista akaja na redio yake chini ya kwapa. Hakumwendea Absalom. Alimwendea mwenyekiti, kama inavyopaswa, na akauliza mbele ya meza nzima, "Mzee, huyu ni fundi wa ukweri? Ledio yangu imekufa tangu mwezi wa tano. Nimpatie?"

Absalom aliangalia sahani yake. Mimi nilikuwa na maneno ya mwaka mzima tayari kwa Wanyoike, nikangoja tu afungue mdomo vibaya.

Wanyoike alimeza, akafuta mikono, akasimama. Hakuhitaji kusimama.

"Mpatie afungue," akasema. "Mwaka jana nilisema mbaya juu yake mbele ya watu. Nilikosea."

Maneno yangu yote yakanipotea, nikaanza kulia kama mjinga juu ya kabichi. Absalom aliipokea redio, akapapasa mifuko ya koti, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na bisibisi. Alikuwa ameacha kutembea nayo siku nyingi. Phelista akampa kile kisu cha jikoni. Akaifungua redio kwa ncha ya kisu, na Wanyoike akamshikia kifuniko.