Bima Kubwa na Mafuta ya Msiba

Sipendi kuulizwa umri. Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu niliulizwa umri mara nne ndani ya wiki moja, kwenye ofisi nne za bima hapa Mwanza, na kila aliyeuliza alitabasamu kabla sijajibu, kama vile ameshaniona mtaroni, magurudumu juu.

Gari lilikuwa langu. Naliweka wazi mapema kwa sababu watu wengi walitaka liwe la mtu mwingine. Lilikuwa dogo, la kijivu, nimeuziwa na mwalimu mmoja wa Butimba aliyekuwa anastaafu, kwa akiba yangu ya miaka mitatu ya kusimama kiwandani ndani ya mabuti meupe nikikagua minofu ya sangara. Sikulinunua ili nipendeze. Mama yangu alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala, na daktari akasema akifanyishwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki bila kukosa, atatembea. Hilo la bila kukosa alilirudia. Tunakaa Buhongwa, na hospitali iko mbali upande wa mjini. Kwenye bodaboda mama hawezi kukaa. Bajaji ya kwenda, kusubiri na kurudi ilikuwa inakula nusu ya mshahara wangu, kwa hiyo tulikuwa tunaenda wiki moja, tunakosa mbili, na mguu ulikuwa umelala palepale.

Wenzangu kiwandani waliniambia nikate bima ndogo kama watu wote, niache mawazo. Niliwaelewa. Lakini bima ndogo hutengeneza gari la uliyemgonga. La kwako unabaki nalo kwa fundi. Mimi sikuwa na gari la pili wala mama wa pili. Nilitaka bima kubwa, ile ambayo gari likiumia linatengenezwa, mama anaendelea na safari zake.

Ofisi ya kwanza alikuwepo kijana wa tai. Aliniuliza umri, akauliza leseni ina muda gani, nikasema miezi minne. Akabofya kompyuta yake, akanigeuzia nione. Bei ilikuwa karibu mshahara wangu wa miezi miwili. Nikamuuliza kwa nini. Akasema madereva wapya wanagonga. Nikamwambia mimi sijagonga kitu.

"Bado," akasema.

Mpaka leo nikikumbuka lile neno natamani kurudi pale. Nilitoka, nikaingia ofisi ya pili, na mama wa pale akanitaka nimlete mwenye gari. Nikasema mwenye gari ndiye huyu amesimama. Akaangalia kadi ya gari, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kama ni mchumba ndiye aliyeninunulia, ili ajue bima iandikwe jina la nani. Nilichukua kadi yangu mezani nikaondoka, ingawa nilipaswa angalau kuaga, mtu mzima yule.

Ya tatu walinipa bei nzuri hadi nikaanza kuwapenda. Kisha nikasoma ukurasa wa tatu. Dereva mwenye umri wangu na leseni kama yangu, akipata ajali, anabeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara, na hiyo sehemu ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko chochote ambacho fundi angeweza kunidai kwa gari lile. Yaani wao wangeanza kulipa pale ambapo mimi nimeshamaliza. Nilipouliza, msichana wa mapokezi alisema watu huwa hawasomi ukurasa huo.

Kati ya ofisi ya tatu na ya nne nilikaribia kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Stendi ya Buzuruga kulikuwa na bwana mmoja wa suti, anakaa kwenye kivuli cha kibanda cha kutuma pesa, na alikuwa na bima kubwa kwa bei ya bima ndogo. Alinitumia namba ya bima hapohapo, haraka kama anauza vocha. Nikaihakiki kwa simu kabla ya kulipa. Ilikuwa ya lori la tani kumi. Nilipomwonyesha, hakuona aibu hata kidogo, akaniambia, "Dada yangu, kwani barabarani nani anasoma?"

Ya nne ndiyo niliyokata. Alikuwa wakala, mwanamke wa rika langu, na yeye aliuliza umri huku ameinamisha macho, nikamshukuru kwa hilo. Bei ilishuka kwa sababu ya masharti: niendeshe mimi tu, gari lilale ndani ya uzio, na lisibebe abiria kwa malipo. Kwenye hilo la mwisho nilicheka. Mimi na teksi wapi na wapi? Nikaweka tiki. Nililipa, nikatoka nimebeba ile karatasi kwenye bahasha kama cheti cha kidato cha nne.

Miezi mitano ikawa mizuri. Jumanne na Ijumaa nilikuwa naingia zamu ya mchana, asubuhi nampeleka mama. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anamsimamisha kati ya vyuma viwili, mimi nahesabu hatua kwa sauti, na mama, aliyefundisha hesabu shule ya msingi miaka mingi, alikuwa ananikatalia hatua niliyoihesabu kabla mguu haujatua sawasawa. Tulianza na moja. Tukafika sita. Ijumaa moja akafika kumi na moja, akakaa kwenye kiti jasho linamtoka, akasema ikifika ishirini ataenda kanisani kwa miguu yake.

Jumamosi yake tulikuwa na msiba. Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alifariki, na alitakiwa kuzikwa kwao, kijijini, upande wa Misungwi. Vijana walipanda kwenye lori pamoja na jeneza. Wakabaki bibi wanne ambao lori lisingewezekana kwao, na mtaa mzima ukageuka ukaliangalia gari langu. Hakuna aliyeniomba. Kwetu huombwi, una gari, kuna msiba, funguo ziko mfukoni mwako. Wale bibi wanne ndio waliokuwa wakimwogesha mama zamu kwa zamu alipougua, nikiwa kiwandani. Ningekataa ningelala wapi?

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye alikuwa anasimamia mazishi, alitupitisha kituo cha mafuta akanikabidhi hela ya mafuta mbele ya watu. Niliipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama nilivyolelewa. Mafuta ya msiba hayakataliwi. Ukiyakataa ni kama umesema marehemu si wako, au unataka watu wakuone umewazidi.

Tukazika. Wakati wa kurudi, ndama alikatiza barabara akimfuata mama yake, nikamkwepa, nikaingia mtaroni. Magurudumu hayakuwa juu. Yule wa tai angesikitika. Bibi mmoja alipoteza kiatu, mwingine aliendelea kusali kwa Kisukuma hata baada ya gari kusimama, na hakuna aliyeumia. Lakini gurudumu la mbele lilikuwa limelala pembeni, na maji ya rejeta yalikuwa yanatiririka kwenye majani. Sikulia. Nilikaa pale barabarani nimetulia kabisa, kwa sababu nilikuwa na bima kubwa.

Trafiki alikuja, akapima, akachora. Nikajaza fomu za madai. Kampuni ikauliza kwa nini nilikuwa na watu wanne wasio ndugu zangu, ikataka barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba kweli ulikuwa msiba. Ombi rahisi, nikaona. Nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake, nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba, akaketi kuandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi za kulala za watu wa zamani. Aliandika kwamba mimi ni binti mwenye nidhamu, ninayemtunza mama mgonjwa. Kwamba marehemu alizikwa siku hiyo mahali hapo. Na kwamba "mtaa haukumtupa binti huyu, bali ulimpa hela ya mafuta ya kwenda na kurudi, kama ilivyo desturi yetu." Akapiga muhuri.

Niliisoma mara mbili nikiwa njiani. Niliona ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandikiwa. Nikaipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaiweka mezani.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Madai yamekataliwa: gari lilikuwa linabeba abiria kwa malipo, kinyume na tamko langu. Nilienda ofisini kwao nikiwa na mabuti ya kiwandani miguuni, yananuka samaki, na nilifurahi yanuke. Afisa wa madai alikuwa mtu mzima, mpole, na upole wake ulizidi kunichoma. Nikamweleza kwamba ile si nauli, ni mafuta ya msiba. Akasema mafuta yananunuliwa kwa hela, hela nimepokea, watu nimebeba. Nikasema hakuna aliyenikodi. Akanionyesha fomu. Fomu haikuwa na mahali pa msiba.

"Baba, kwani kwenu hamzikani?" nikamuuliza.

Aliangalia mlango kama umefungwa. Kisha akasema taratibu, "Tunazikana, binti. Na mafuta tunachangiana kama nyinyi. Ila sisi hatuandiki."

Akaongeza kwamba muda wa kukata rufaa ulikuwa haujaisha, na kwamba barua huwa zinakosewa.

Nilimwelewa. Nilirudi Buhongwa moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamwomba aandike nyingine, ileile, isiyo na mafuta. Mstari mmoja tu utoke. Nilidhani ataona haya kwa kuniharibia, achukue kalamu. Mzee akavua miwani.

"Unataka niweke muhuri kwamba mtaa huu ulimbebesha binti wa mgonjwa bibi wanne kwa mafuta yake mwenyewe?" akasema. "Mwanangu, gari litatengenezwa. Hiyo karatasi haitatengenezwa."

Nikamwambia karatasi hiyo itaishia kwenye faili, haitasomwa na mtu wa mtaani. Akasema yeye ataijua. Nikamwambia mama yangu amekosa mazoezi wiki tano sasa, hela ya bajaji yote inaenda kwa fundi. Hapo nikaona midomo yake inacheza, lakini kalamu hakuigusa. Niliinuka nikaondoka bila kuaga. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama yote, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alikasirika kweli, kwa ule mdomo wake uliopinda, kwa sababu sikumuaga mzee.

Basi nikawakasirikia wote. Nilimkasirikia mwenyekiti na heshima yake iliyopigwa muhuri. Nikaikasirikia kampuni, iliyopokea hela yangu bila kuuliza desturi za watu, ikazikumbuka ilipofika zamu yake ya kulipa. Nikamkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, kwa kutaka kuzikwa mbali. Mwisho nikajikasirikia mimi, niliyesoma ukurasa wa tatu wa watu wengine mpaka nukta, kisha nikaweka tiki kwangu huku nacheka. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, na aliyekula alikuwa mama, amekaa dirishani Jumanne na Ijumaa, amevaa tayari, hadi nilipomwambia asiwe anavaa.

Wiki ya tisa, Ijumaa asubuhi, bajaji ilisimama mlangoni. Wale bibi wanne walikuwa wamesimama pembeni yake, mmoja wao amevaa viatu vipya. Walisema ni ya mama, kila Jumanne na Ijumaa hadi gari langu litoke kwa fundi, dereva wameshaelewana naye. Sikujua wamechanga vipi, sikuuliza. Nilitaka kuwaambia kwamba ni mafuta yao ndiyo yaliyotufikisha hapa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Bibi mkubwa alikuwa ameshamshika mama kwapani, anamwinua, anamwambia ajikaze, na mama alikuwa anacheka.

Nikapanda. Njiani nilimuuliza dereva kama ana bima. Akasema anayo. Nikamuuliza ni ya kubeba abiria kwa malipo? Akanitazama kwenye kioo, akasema, "Kwani dada bajaji inabeba nini kingine?"

Hospitali, mtaalamu alimkunja mama goti, akalinyoosha, akalikunja tena, na lilikuwa limekaza. Nikajua. Akamsimamisha kati ya vile vyuma viwili. Mama akashika kwa mkono mzima, akanikonyeza nianze kuhesabu. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili. Ya tatu sikuwahi kuitamka, kwa sababu nilikuwa nimeshamdaka.

"Hiyo usiihesabu," akasema mama, kichwa chake begani kwangu.