Mama Aliyekula Rambirambi Zake Mwenyewe

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kiswidi mwenye umri wa kunizaa, hajawahi kunigongea mlango ila nimekosa. Kwa hiyo Jumatatu alipobonyeza kengele, kabla sijafungua nilikuwa nimeshakagua dhambi zangu zote: nimeacha manyoya ya nguo kwenye mashine ya kukaushia? Nimepitiliza saa yangu ya kufua? Nikafungua na samahani mdomoni. Kumbe hakuja kwa hilo. Alikuja kuniambia kwamba yule Mromania wa ghorofa ya tatu, mtu wa filamu, amefariki hospitalini, moyo umesimama. Kisha, kwa kuwa hakujua aongeze nini, akasema kufuli la marehemu bado liko ubaoni, Jumamosi saa nane mchana, na hajui lifanyweje.

Wasomaji wangu wa hapa Stockholm, wa Akalla na Vårby gård, hilo la kufuli wanalielewa, lakini walio nyumbani lazima niwaeleze. Katika majengo yetu haya ya Hallunda hakuna anayefua ndani kwake. Chini ya jengo kuna chumba cha kufulia cha wote, na ukutani pana ubao wenye siku na saa. Kila nyumba ina kufuli lake dogo. Ukilichomeka kwenye Jumamosi saa nane, basi saa tatu kuanzia hapo ni zako, na hata mfalme akishuka na shuka zake atasubiri. Nimewaona Waswidi wakivumilia mambo mazito, ndoa kuvunjika, theluji ya mwezi wa nne, watoto wasiopiga simu, lakini sijamwona anayevumilia kuingiliwa saa yake ya kufua. Na katika chumba hicho ndipo marehemu alipofungua sinema yake.

Kwao alikuwa mpiga picha wa studio ya serikali. Kazi yake ilikuwa filamu za hali halisi, ambazo mwenyewe alisema zilikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo hali halisi. Alipotumwa nje na ujumbe fulani hakurudi, na ndani ya kopo la biskuti alikuwa amebeba filamu tatu: moja ya historia, yenye wachungaji na wafalme wenye ndevu za kubandika, moja ya mitaa mikongwe inayobomolewa ili ghorofa zipande, na moja ya kiwanda cha mikate. Hii ya mikate ndiyo iliyokuwa roho yake. Siku ya kuipiga, wakubwa walitaka mfanyakazi mzee mwenye tabasamu la kuridhika, na kiwanda kizima hakikuwa na tabasamu la namna hiyo. Marehemu akamchukua mama yake jikoni kwake, akamvika aproni nyeupe, akamsimamisha kando ya tanuri. Bibi wa watu hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Akasimama, akatabasamu, na katikati ya tabasamu akamtazama mwanawe aliyeko nyuma ya kamera, midomo ikamchezea kidogo. Filamu haina sauti pale, ni muziki mtupu wa bendi, lakini marehemu alijua alichosema. Alimuuliza kama amekula.

Sekunde saba, basi. Hakuwa na picha nyingine ya mama yake. Yeye hakuweza kurudi, mama hakuruhusiwa kutoka, na shauku yake yote, tangu nimfahamu mpaka anafariki, ilikuwa moja: kumwona tena mama yake, ana kwa ana, kabla ya mmoja wao kuondoka. Huku akisubiri, alimtazama ukutani. Kwa ajili ya sekunde saba hizo sisi jirani zake tumetazama matrekta ambayo hata wenye matrekta hawajayatazama.

Mwaliko wa kwanza aliupitisha kwangu. Alinikuta ngazini macho yamemwiva kwa ile gundi ya kuungia filamu, akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswidi chake kizito kwamba Jumamosi anakusanya watu chumba cha kufulia, ni kwa ajili ya mama yake, na ningekuwa mtu mwema kama ningewaambia wenzangu. Nikampigia simu mama mmoja Mkenya, mhudumu katika nyumba ya wazee, anayekaa Vårby gård. Kwetu sisi tunaosemezana Kiswahili Stockholm nzima, huyu mama ndiye redio, ndiye posta, ndiye kamati. Akaniuliza huyo mtu ako sawa lakini. Nikasema macho ni mekundu kabisa, na anaita watu kwa ajili ya mama yake. Akasema taratibu, "Huyo amefiwa. Na hana watu hapa. Sisi ndio watu."

Mimi sikubisha. Nani angebisha? Mtu mzima, macho mekundu, anakusanya majirani kwa ajili ya mama yake: kuanzia Tanga mpaka Kampala hilo lina maana moja. Jumamosi saa nane tukateremka watu kumi na tano, nyuso ndefu, mikono mizito. Tulileta sukari, mchele, kahawa pakiti kwa pakiti, na jozi ya kanga mpya. Tukakaa kwenye vikapu vya nguo vilivyopinduliwa. Mama wa Vårby gård akaanzisha wimbo wa kanisani, sisi Waislamu tukasubiri uishe tukanyanyua mikono tukaomba dua, na marehemu akasimama kando ya projekta yake ameinamisha kichwa kwa heshima. Baadaye aliniambia alidhani hivyo ndivyo Waafrika wanavyoanza kutazama sinema, na alipenda sana, kwa sababu Waswidi huanza kwa kuvua viatu.

Filamu ikaanza kwenye shuka lililotundikwa. Ngano, matrekta, mkubwa fulani akikata utepe. Katikati ya mkate wa kwanza mlango ukafunguka, akaingia yule bibi wa Kiswidi. Alikuwa amesikia nyimbo kwenye mabomba ya maji. Akatutazama wote, akatazama trekta ukutani, kisha akauliza jambo moja tu: kufuli lililoko ubaoni ni la kufulia, je, ni nani anayefua? Hakuna aliyekuwa anafua. Bibi akasema saa iliyowekwa ya kufua ni lazima ifuliwe. Mganda mmoja, dereva wa basi, mtu aliyezunguka uhamishoni nchi mbili kabla ya kufika hapa na anayeijua sauti ya amri hata ikisemwa kwa upole, akavua sweta lake akalitia kwenye mashine. Nasi tukafuata: skafu, soksi, koti la mtu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo tiketi. Hukuingia sinema ya Mromania bila nguo chafu, na hakuna kundi la watazamaji duniani lililotoka kwenye filamu za historia likiwa safi kama sisi.

Basi mashine zikizunguka, mama akatokea ukutani. Marehemu akasema huyo ndiye, na machozi yakamtoka waziwazi. Sisi tukasimama wote. Mama wa Vårby gård alimpokea mikononi, akaimba, akalia naye, akasubiri filamu iishe na taa iwake, ndipo akatoa hotuba fupi kwa Kiswidi safi cha kazini kwake: kwamba mama ametutangulia tu, na sisi sote tu njiani. Marehemu akapangusa uso. Akauliza ametangulia wapi. Mama yake yuko jikoni kwake, barua yake imefika juzi, analalamikia miguu.

Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa na mashine tatu za kufulia zikipiga ngoma nyuma yake. Nilimtazama mama wa Vårby gård, naye akanitazama mimi, na sikuhitaji tafsiri. Ikabidi nimweleze mwenye shughuli rambirambi ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama sukari, akatazama kahawa, kisha akakaa juu ya kapu akacheka mpaka akashika mbavu. Shida ikabaki mali. Dereva wa basi akasema yeye haondoki na mchele wa msiba kurudi nao nyumbani, hiyo ni kujitakia mabaya. Mama wa Vårby gård, ambaye kamati yake haijawahi kuvunjika bila azimio, akatoa uamuzi, "Basi mtumie mama mwenyewe. Zilikuwa zake, azile."

Kifurushi kikaenda. Wenye kujua habari za Romania ya miaka hii wanajua kahawa huko ni nini; kwa pakiti moja daktari hulikumbuka jina lako. Tulikaa miezi bila jibu, na marehemu akawa anashuka kwenye kisanduku chake cha barua mara tatu kwa siku akisingizia anatafuta gazeti. Jibu lilipokuja alilisoma chumbani kule, mbele ya watu wote, na nguo zinafuliwa. Mama alishukuru. Aliuliza ni watu gani hao waliomlilia kwa kahawa nzuri namna hiyo. Kisha akaandika: "Waulize, nikifa tena mwezi wa nne watakuwa nayo?" Ndani palikuwa na picha yake, koti zito la baridi na kanga yetu juu yake, ameifunga maandishi yakiwa juu chini. Kanga ilisema Nani Kama Mama.

Tangu hapo tulimzoea. Kila alipotokea ukutani mimi nilisimama nikamwamkia shikamoo, na wenzangu wa Kenya na Uganda, ambao kwao shikamoo ni mambo ya Watanzania na adabu zao nyingi, wakaja kuisema kwa sauti kubwa kuliko mimi. Lakini tulijifunza pia kutazama. Siku moja marehemu alieleza kwamba mikate yote iliyoonekana katika maduka matatu ni ile ile, ilitangulizwa kwa gari mbele ya kamera, na ukiangalia vizuri duka la tatu utaona imechoka. Dereva wa basi hakushangaa. Aliomba mahali mkubwa anapopigiwa makofi parudiwe, akanyoosha kidole kwenye kona ya shuka: "Usiangalie mkubwa. Angalia huyo wa nyuma. Yeye anapigia makofi yule mwenye koti refu." Na kweli, nyuma alikuwapo mwenye koti refu, mtu wa usalama bila shaka, na uso wa yule mpiga makofi ulikuwa umemgeukia. Marehemu alimshika bega. Alisema aliwahi kuionyesha filamu hii maktaba, kwa Waswidi wasomi, wakatazama kwa utulivu mkubwa, wakasema inavutia sana, wakauliza kiwanda kinatoa mikate mingapi kwa siku.

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Sisi tuliotoka nchi zetu tumekulia kwenye filamu za namna hiyo, gari la sinema likija na kiongozi akishika jembe ambalo halijawahi kuona udongo. Tuliambiwa ni uongo, au tuliambiwa ni kweli, ikategemea nani anasema na mlango umefungwa au la. Marehemu alikuwa akiutengeneza uongo huo kwa mikono yake na hakumsingizia mwingine. Lakini alisema serikali ikikupa futi mia za filamu ya kumsifu mkubwa, haiwezi kuzilinda zote. Lazima kwenye kona fulani atapita mtu halisi, na kazi ya mpiga picha ni kumwachia mlango. Yeye mlango wake aliuachia mama yake. Hakuniachia mimi wasaa wa kumwambia kwamba nilimwelewa.

Basi Jumatatu ile nilimuuliza bibi wa Kiswidi yeye anaonaje kuhusu kufuli. Akafikiri, akasema saa iliyowekwa ni lazima ifuliwe. Jumamosi tukashuka, kila mtu na nguo zake. Bibi alikuja na kapu, akatia shuka mashine ya pili, kisha badala ya kupanda akakaa. Nikaiwasha projekta jinsi marehemu alivyonifundisha. Matrekta yakapita, kwa mara ya kwanza nilitamani yawe mengi zaidi. Mama alipotokea tulisimama kama kawaida, lakini si kwa shikamoo. Mama wa Vårby gård ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Pole, mama." Na yule wa ukutani akatabasamu, akatazama pale mwanawe alipokuwa amesimama, akamuuliza kama amekula.

Kifurushi kimeondoka juzi: sukari, kahawa, kanga. Kasisi wa Waromania wa hapa alishampelekea habari ya kifo kwa telegramu, kwa hiyo akikifungua atajua safari hii ni rambirambi kweli, na kwamba aliyekufa si yeye. Mwanawe hakumwona tena, na hilo hatuna kahawa ya kulifuta. Lakini najua kwamba miaka michache iliyopita bibi huyo alikula rambirambi zake akiwa hai, akazicheka, akazivaa, na akapata kuuliza ni akina nani wanaompenda. Ni wachache wanaopata bahati hiyo, na aliipata kwa sababu sisi tulikosea. Lau tungekuwa na akili timamu siku ile, tungengoja afe.

Jumapili nilikwenda kupiga simu Tanga, kwenye duka la jirani wa mama yangu. Mama akaitwa, akaja anahema. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ndogo nani amekufa. Nikasema sijapiga kwa msiba, nimepiga kumsalimu tu. Akaniuliza kama ni kweli. Kisha akasema, "Haya. Umekula?"