Shubiri Iliyobaki Chini ya Jukwaa

Pale kwenye ghala la unga walimwita Shubiri, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza kama jukwaa la kupandishia magunia ni salama, anakutanulia kiganja usoni. Jukwaa lenye mzigo likishushwa taratibu kwa winchi, likakalia zile springi nne za sakafuni, chini yake hubaki nafasi ya shubiri moja. Alishaipima mara nyingi, tena kwa mbwembwe.

Mkewe alikuwa mfagiaji wa ghala hilohilo, na Shubiri ndiye aliyemfundisha kuzoa unga uliomwagika chini ya jukwaa huku mzigo ukining'inia.

"Hata likianguka, springi zinalipokea. Shubiri inabaki, na mkono wako mwembamba."

"Kuanguka na kushushwa ni sawa?"

"Mama watoto, uzito ni uleule. Gunia halinenepi njiani."

Mke akacheka, akaingiza mkono.

Asubuhi moja Shubiri alizungusha mpini wa winchi mpaka jasho likamtoka, jukwaa likapanda usawa wa kiuno. Mkewe alikuwa amepiga magoti, akichota unga kwa kopo la bati. Unga ukamwingia puani, akapiga chafya weee, akaliacha kopo palepale chini ya jukwaa na kwenda kunawa uso.

Kifungio cha winchi kikaachia.

Mpini ulijizungusha wenyewe, ukampita kidevuni. Jukwaa likashuka kwa kishindo, springi zikajikunja mpaka likagusa sakafu. Aliliona kwa macho yake mawili. Kisha likaruka, likapanda na kushuka mara kadhaa, likatulia. Pakabaki shubiri moja, kama kawaida.

Akakaa kwenye unga. Jasho lote alilomwaga kulipandisha lilikuwa limewekwa kule juu. Siku zote breki ya winchi ndiyo iliyolipokea kidogo kidogo, ikapata moto na kunuka. Leo breki haikushika. Lote liliziangukia springi kwa mkupuo, nazo hazikuwa na pa kulitia ila kujikunja zaidi ya alivyowahi kuziona. Hayo alikuwa hajayafikiria hata siku moja.

Mkewe alirudi, uso umelowa, akainama kuchungulia.

"Kumbe ulisema kweli. Limeanguka, na shubiri yako hii hapa."

Hakuna mwingine aliyeona. Angenyamaza tu, sifa zake zingebaki palepale. Alilala kifudifudi, akaingiza mkono, akavuta kopo. Lilikuwa bapa kama sahani.

Mkewe alilitazama kopo, kisha mkono wake wa kulia. Akaukumbatia kifuani.

"Si ulisema ulipima?"

"Nilipima."

"Mara zote hizo?"

"Mara zote," Shubiri alisema, bila kuinua uso, "nilipima likiwa limeshatulia."