Mkwe mzungu tulimpokea, mweusi tunamuulizia ukoo

Admin, naomba jina langu ulifiche kabisa. Waswahili wa Ilford tunajuana wote, na mume wangu akijua nimeandika huku nimekwisha.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Unguja. London tulikuja miaka ya tisini na binti zetu wawili wakiwa wadogo. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Wanangu wamekulia hapa, Kiswahili wanasikia lakini wanakujibu Kiingereza.

Binti mkubwa ameolewa na Mmarekani mzungu aliyesilimu, nitamwita Daudi. Jamani, alipokuja kuposa hatukumuuliza hata jina la babu yake! Mume wangu alimkumbatia, akawapigia simu ndugu wote kuanzia Stanmore hapa London mpaka Unguja. Na mimi nilifurahi, sitawadanganya, Daudi ni kijana mwema.

Sasa mdogo naye amepata wake. Mmarekani pia, Muislamu wa kuzaliwa, mwalimu, anasali kuliko sisi. Nitamwita Idrisa. Ikatokea anatoka mji mmoja na Daudi. Kosa lake ni kuwa mweusi. Mume wangu hakulisema hivyo, alisema, "Lazima tuulizie ukoo, ndiyo desturi yetu." Na yeye mwenyewe ni mweusi kuliko huyo kijana, ila ukimwambia atakuhesabia mababu mpaka Hadhramaut, Uarabuni.

Kwetu ukitaka kujua ukoo wa mtu, unamtuma mtu wa mji wao. Basi akamtuma Daudi! Nikamwambia, "Mume wangu, kule si kama kwetu Mkunazini, Unguja. Mzungu atawajulia wapi watu weusi?" Akanijibu, "Mji si mmoja? Niache."

Daudi kwa adabu zake akampigia simu mama yake Marekani, akaja na majibu tukiwa tunakula. "Baba, kwetu hakuna anayewajua. Mama anasema mtaa wao ukipita, unafunga milango ya gari." Huo ndio uchunguzi wote! Mama wa watu hajawahi hata kushuka kwenye hilo gari. Mume wangu akatikisa kichwa utafikiri kasomewa hukumu ya kadhi. Mdogo akamgeukia Daudi, "Na wewe, babu wa babu yako nani?" Daudi akawa mwekundu, hamjui. Baba mtu akamfokea binti asimvunjie shemeji yake heshima.

Alipoitwa Idrisa mwenyewe, aliwataja wazee wake mpaka kwa bibi wa mama yake, akaishia hapo. Halafu akasema taratibu, "Mzee, wa nyuma ya hapo waliuzwa. Jina la ukoo ninalotumia ni la aliyewanunua." Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu akamwambia, "Basi utanisamehe mwanangu, mtu asiye na asili simpi binti." Mimi nikaenda kulia jikoni.

Mdogo hakukubali, akaenda kushitaki msikitini, na nikaha ni Jumapili hii. Sheikh wa msikiti amesema baba amekataa bila sababu ya dini, kwa hiyo yeye atasimama kuwa walii wa kumwozesha. Mume wangu ameniambia nikikanyaga huko nisirudi. Anaumwa sukari, sindano namchoma mimi, na hana mwingine. Nimejaribu kumsemesha, anawasha televisheni. Mkubwa nimemwomba aseme na baba yake, anasema hataki mumewe aingizwe tena.

Jana Idrisa alinipigia kazini. Nilidhani atanilaumu. Kumbe mama yake ni mgonjwa, hawezi kusafiri, na hakuna ndugu yake atakayefika. Akasema, "Mama, naomba ukae upande wangu, nisionekane sina watu." Nikamwambia mzee mmoja ananiita, nikakata simu.

Hakuna aliyeniita. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nishaurini kabla ya Jumapili, nimechanganyikiwa.